Budapest na Watoto: Mto Mmoja, Ng'ambo Mbili

Ukitaka kujua kama wewe na mwenzio mnaelewana kweli, safirini na watoto wawili kwenda jiji ambalo hamjui hata neno moja la lugha yake. Sisi tulichagua Budapest, mji mkuu wa Hungaria: siku sita, mtoto wa miaka tisa na mdogo wake wa mitano. Mashoga zangu walishangaa, eti kwa nini si Dubai? Jibu langu lilikuwa fupi: mto.

Mto Danube umelikata jiji katikati. Upande wa magharibi ni Buda, kwenye vilima na kasri la wafalme. Upande wa mashariki ni Pest, tambarare, ndiko kwenye maduka, mikahawa na jengo la Bunge. Buda, Pest na Óbuda ilikuwa miji tofauti hadi ilipounganishwa mwaka 1873. Kwa mzazi hii ni raha tupu, maana hupotei. Ukichanganyikiwa, shuka mtoni, tafuta daraja, mambo yameisha.

Sasa, baba watoto ni mtu wa ratiba. Mimi ni mtu wa popote miguu itakaponifikisha. Tukagawana: asubuhi za Buda zake, jioni za Pest zangu. Ubishi ukaisha kabla haujaanza.

Asubuhi yake bora ilikuwa ile ya Reli ya Watoto, kwenye vilima vya Buda. Ni kilomita 11 na ushee, ilianza mwaka 1948, na wanaokata tiketi na kuongoza ishara ni watoto wa miaka 10 hadi 14, wakisimamiwa na wakubwa. Dereva ni mtu mzima. Mkubwa wetu aliuliza kama anaweza kuomba kazi!

Daraja la Minyororo, lenye simba wa mawe, lilifunguliwa mwaka 1849. Inasimuliwa kuwa István Széchenyi, aliyelipigania lijengwe, alikwama wiki nzima ukingoni mwaka 1820 akienda kumzika baba yake, kwa sababu mto haukuvukika. Kama umewahi kupanga foleni ya pantoni ya Kigamboni, unamwelewa kabisa. Wanajeshi wa Ujerumani walililipua Januari 1945 wakirudi nyuma, likafunguliwa tena mwaka 1949, miaka 100 baada ya lile la kwanza.

Jioni zangu zilikuwa za tramu namba 2, inayopita kando ya mto, na za kula lángos, binamu wa andazi anayepakwa krimu chachu na kumwagiwa jibini. Watoto waligombania kipande cha mwisho.

Jioni moja tulishuka karibu na Bunge, tukakuta viatu vya chuma vimepangwa ukingoni, jozi 60. Viliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi mtoni na wanamgambo wa Arrow Cross mwaka 1944 na 1945, baada ya kuamriwa wavue viatu.

"Mama, nani kaviacha hapa?" mkubwa akauliza. Baba watoto akaniangalia. Nilijua anataka kusema ni mapambo tu, naye alijua mimi nataka kusema ukweli. Akachuchumaa. "Kuna watu waliuawa hapa kwa sababu walikuwa Wayahudi. Wenzao hawataki wasahauliwe."

"Na hivi vidogo?"

Akanyamaza kidogo. "Vya watoto, mwanangu."

Tulirudi hotelini kwa miguu, kila mtoto kashikwa mkono. Hakuna aliyeuliza ratiba ya kesho. Kumi na mbili ya ndoa, na bado siku ile nilimwona mume wangu upya.

Ukitaka kwenda, utahitaji viza ya Schengen: omba angalau siku 15 kabla ya safari, na unaweza kuanza hata miezi sita kabla. Mtoto wa chini ya miaka sita halipiwi ada ya viza. Beba viatu vya kutembelea, na badilisha pesa ziwe forint, kwani Hungaria haitumii yuro. Na kabla ya kufunga mabegi, kaeni chini wawili mkubaliane: watoto wakiuliza jambo zito, nani atajibu, na atasema nini.