Bawa na Kafi

Msomaji, usinicheke. Mimi ni mtoto wa Ifakara, mji wa mpunga na reli ya TAZARA, na nataka kuunda ndege.

Si kuendesha, kuunda. Kila nikisema hivyo watu husikia "rubani", wananitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, kisha wanabadilisha mazungumzo. Ugonjwa huu ulinianza utotoni, vindege vilipokuwa vikitua kwenye uwanja wetu. Wenzangu walikimbilia kuona abiria. Mimi nilitazama bawa: wembamba ule unabebaje mzigo wote ule?

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, PCM yangu ilikuwa imekaa vizuri. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Nikachora mistari kwenye daftari. Upande mmoja Nairobi: Chuo Kikuu cha Kenyatta kina shahada ya uhandisi wa vyombo vya anga. Miaka 5, na ada, chumba, chakula. Upande wa pili Dar: Mlimani, uhandisi wa mitambo, miaka 4, na mkopo wa Bodi ukinifikia. Mstari wa tatu ulikuwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, wanakofundisha matengenezo ya ndege. Hapo nikajifunza jambo: mhandisi anayebuni bawa na fundi anayetia sahihi kwamba ndege iko tayari kuruka ni watu wawili. Wa pili anahitaji leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa mitihani na uzoefu wa kazi. Shahada peke yake haimpi.

Moyo wangu ulikuwa Nairobi. Majirani zetu wale, setilaiti yao Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023. Nani hataki kuota moto karibu?

Jioni moja baba akasema, "Ekari mbili za ng'ambo ya mto nitaziuza. Usiniulize mara mbili."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakusema kitu, ila ungo ulibadilika mlio. Ekari zile ndizo zilizonilipia sare, madaftari na nauli. Na nyuma yangu wapo wadogo zangu watatu.

Nikaenda kwa mjomba, mvuvi, elimu yake darasa la saba. Nilimkuta karibu na daraja lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla ya hapo pantoni ndiyo ilikuwa bwana mkubwa wa mto ule. Nikamweleza shida yangu yote, na lile bawa.

"Panda," akasema. Akautuliza mtumbwi kwa upondo, akanipa kafi. "Lisimamishe majini, makali yatazame mkondo."

Kimya.

"Sasa ligeuze kidogo."

Likavutwa pembeni kwa nguvu, nusura linichomoke mkononi.

"Zidisha."

Nikazidisha. Likaanza kutetemeka, maji yakavurugika nyuma yake, na ule mvuto wa pembeni ukafifia.

"Ndiyo bawa hilo?" mjomba akauliza.

Ndilo, bwana! Hewa hulipita bawa kwa sheria zile zile. Ukiliinamisha kwa kiasi, ndege inanyanyuka. Ukizidisha, hewa inabanduka juu ya bawa na ndege inaporomoka. Na somo hilo la mwendo wa maji na hewa limo ndani ya uhandisi wa mitambo, pamoja na joto, injini na uimara wa vyuma.

Wazee husema mchagua jembe si mkulima. Mimi sikubali moja kwa moja. Shahada ya mitambo haikufundishi ndege nzima, na pengo hilo nitalibeba nikilijua. Lakini shahada ya pili ya mambo ya anga ipo, na wahandisi wa mitambo hupokelewa huko. Shamba likishauzwa halirudi.

Kwa hiyo wewe mwenye fomu mkononi, usiishie kwenye jina la shahada. Soma masomo yaliyomo ndani yake. Kisha uliza nani atalipa, na nini kitauzwa.

Nimejaza Mlimani. Baba alinyamaza kitambo, halafu akauliza kama nimemwonea huruma. Nikamjibu, "Hapana, baba." Ilikuwa nusu ya ukweli. Asubuhi yake nilimwona anachukua jembe, anavuka daraja kwenda ng'ambo, na anapiga mluzi.