Asiyekula Nyama Mezani pa Waswahili: Tajiriba Yangu Kisiwani Mombasa

Wahenga walitwambia kwamba kizuri kula na nduguyo. Katika methali hii fupi mna sheria nzima ya mezani, kwani utamu wa chakula hukamilishwa na yule aliyekaa upande wa pili wa sinia. Je, itakuwaje basi ikiwa nduguyo amekuandalia kizuri chake, nawe kizuri hicho hukili? Swali hili limenifuata kwa miaka kadhaa, tangu nilipoacha kula nyama na samaki, na ndilo linalonisukuma leo kushika kalamu.

Nieleze mapema kwamba sikuiacha nyama kwa agizo la daktari wala kwa fundisho la dini. Nimezaliwa bara, katika jamii ambayo mgeni asiyechinjiwa hujiona kwamba hakupokewa. Nilikua nikichunga mbuzi na kuwajua mmoja mmoja, na nilipofikia umri wa kujiamulia, nafsi ilikataa. Sina nia ya kumhubiria msomaji. Nataka tu kusimulia namna mtu wa aina yangu anavyoweza kula, akashiba na akafurahi, ndani ya kisiwa cha Mombasa, pasi na kumvunjia mwenyeji wake heshima.

Tatizo la kwanza ni la lugha, na kwa wanachama wa chama chetu hili lina uzito wake. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka la kumtaja mtu asiyekula nyama. Ukisema "mla mboga" utakuwa hujasema lolote, kwa maana kila mtu hula mboga. Tena, katika sehemu nyingi za Tanzania bara, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, hata kama ni nyama ya ng'ombe. Huku pwani nako, neno "kitoweo" humjia msikilizaji akilini likiwa na harufu ya samaki au nyama. Isitoshe, ukimwambia mwenyeji wa Mombasa kwamba huli nyama, atakujibu kwa moyo mkunjufu, "Si neno, tutakupa samaki." Kwake yeye nyama ni nyama na samaki ni samaki. Nimejifunza, kwa hivyo, kutotegemea jina. Husema wazi: "Sili nyama, sili kuku, sili samaki, lakini maziwa, samli na mayai nala." Sentensi hiyo ni ndefu, lakini imeniokoa mara nyingi.

Baada ya kulivuka daraja hilo la lugha, msafiri hugundua jambo la kushangaza: huenda pasiwe na mji mwingine nchini Kenya unaomlisha vyema asiyekula nyama kama Mombasa. Tuanze na asubuhi. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, toka Kibokoni hadi upande wa Ngome ya Yesu, staftahi inayojulikana na wakubwa kwa wadogo ni mahamri kwa mbaazi za nazi. Mahamri hukandwa kwa unga wa ngano, hamira, sukari, iliki na tui, kisha hukaangwa yakafura na kuwa na uwazi ndani. Mbaazi nazo huchemshwa hadi zikalainika, zikatiwa tui jepesi, na mwisho kabisa zikamiminiwa kasimile, yaani lile tui zito la mkamuo wa kwanza. Mlo huu hauna hata chembe ya nyama, na hakuna anayeuona kuwa na upungufu. Aulaye hajiiti kwa jina lolote; amekula mbaazi, basi.

Hapa sina budi kutaja kinaya kimoja kinachonichekesha. Mimi niliyewakimbia mbuzi wa kwetu, nimefika Mombasa nikakuta kwamba siwezi kuishi bila mbuzi. Mbuzi huyu ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambacho mpishi hukikalia akikuna nazi. Nazi ikishakunwa hutiwa maji, ikakamuliwa kwa kifumbu, na hapo ndipo ulipo ufunguo wa upishi wa pwani. Mchicha, kunde, maharage, biringani, ndizi mbichi, muhogo na hata boga, vyote hubadilika hadhi vikikutana na tui. Bara tulizoea kuamini kwamba utamu wa mchuzi hutoka katika mfupa. Pwani hutoka mnazini.

Jioni ikiingia, barabara zenyewe hugeuka jiko. Wachuuzi huwasha makaa, na pamoja na mishkaki, ambayo mimi huipita kwa salamu tu, huchomwa mahindi mabichi na muhogo. Muhogo wa kuchoma humenywa, ukawekwa juu ya wavu hadi ukapata rangi ya dhahabu, kisha hupasuliwa katikati na kupakwa chumvi, pilipili ya unga na ndimu. Pembezoni mwake kuna viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika rojo la unga lenye rangi ya manjano na kukaangwa, kisha vikaliwa kwa ukwaju. Kuna bhajia za kunde na za dengu. Kule Barabara ya Mama Ngina, wanakokwenda watu kupunga upepo wa bahari, kuna krispi za muhogo, madafu, na embe mbichi zilizokatwa vipande zikanyunyiziwa pilipili na chumvi.

Mwanafunzi wa lugha anayekula vitu hivi anakula historia. Karai, achari na chapati ni maneno yaliyovuka bahari kutoka Bara Hindi. Bamia yametujia pamoja na jina lake la Kiarabu. Mahindi, muhogo na pilipili ni mimea ya asili ya Amerika, iliyofika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kuzivuka bahari kuu. Vasco da Gama mwenyewe alitia nanga Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498. Chakula cha barabarani ambacho leo tunakiita cha kienyeji kilikuwa kigeni wakati mmoja, kikakaribishwa, kikapewa jina na kikawa mwenyeji. Wazo hilo hunipa moyo, kwa kuwa nami ni mgeni mwenye desturi ngeni.

Hata hivyo, kula barabarani ni jambo jepesi. Mchuuzi hajali unachokiacha, anajali unachokinunua. Mtihani uko nyumbani kwa watu. Sahibu yangu wa chuoni, ambaye kwao ni Mji wa Kale, alinialika siku ya Ijumaa. Sinia ya pilau ililetwa, nyama imepangwa juu, nasi wanawake tukaizunguka. Pilau hupikwa kwa supu ya nyama, hivyo kuondoa vipande na kula wali hakungenifaa. Mama mwenye nyumba aliniangalia mkono, kisha uso.

"Mbona huli, mwanangu? Au chakula chetu hakikupendezi?"

"Hasha, mama," nilimjibu. "Harufu yake tu yatosha kunishibisha. Ila mimi sili nyama tangu zamani."

"Basi nikutolee samaki."

"Samaki pia sili, mama. Niwie radhi."

Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Nilikuwa na mbaazi za asubuhi akilini na nikasema kwamba zikiwapo zitanitosha. Hapo uso wa mama ukaingia soni, na nikafahamu kiini cha jambo. Kwake yeye, kumpa mgeni wa Ijumaa mbaazi zilizolala ilikuwa fedheha. Majirani wangesema nini? Nyama ni heshima. Mbaazi ni mlo wa siku ambayo mkono ni mtupu. Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba hiyo, ajuza aliyekuwa amekaa pembeni na uradi wake mkononi. Alicheka, akasema kwamba zamani, msimu wa kusi ukichafua bahari na wavuvi wakashindwa kutoka, walikula kunde, mchicha na mbaazi wiki nzima, "wala hatukujiona masikini, na wala hatukujua kama twahitaji jina." Akaagiza bakuli la mbaazi lipashwe moto na kuwekwa upande wangu wa sinia. Kila mmoja akala mbele yake, kama ilivyo ada.

Siku ya pili sikungoja kupikiwa. Nilijifunga leso kiunoni, nikamwomba mama anifundishe mchuzi wa biringani wa nazi. Nilikuna nazi vibaya, wakanicheka, nikaendelea. Tokea hapo sijaulizwa tena nina maradhi gani. Nilipata fundisho ambalo ningependa liwafae wenzangu: anayekataa chakula cha mwenyeji na kukaa kimya humwacha mwenyeji na jeraha, lakini anayeomba kufundishwa chakula kingine cha mwenyeji yuleyule humrudishia heshima yake maradufu.

Mwezi wa Ramadhani ulinifunza mengi zaidi. Futari ya Mombasa, kwa mtu wa aina yangu, ni karamu: viazi vitamu vya nazi, ndizi za nazi, tambi, maharage, kaimati, tende na uji. Lakini tahadhari yafaa. Muhogo wa futari aghalabu hutiwa nyama. Mboga za majani mara nyingine huungwa kwa samaki mkavu. Sambusa ya nyama na ya viazi zina umbo moja. Na mafuta yaliyokaanga samaki huweza kukaanga viazi. Dawa ni kuuliza kabla ya sahani kuja, kwa sauti ya upole, na kumuuliza mpishi mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba kisiwa hiki kina watu ambao kwao kutokula nyama ni mila ya karne nyingi. Katika Barabara ya Langoni lipo hekalu la Wajaini la marumaru nyeupe, lililojengwa mwaka 1963. Wajaini wanaoshika mila yao barabara hawali nyama, samaki wala mayai. Tena huepuka vitunguu, viazi na vyakula vingine vya mizizi, kwa kuwa kuving'oa huua mmea pamoja na vijidudu vya ardhini. Wahindu wengi wenye asili ya Gujarati nao hawali nyama. Katika migahawa yao nimekula thali, yaani sahani pana yenye vibakuli vya dengu, mboga, maziwa ya mgando, achari, wali na chapati, nikahisi kwa mara ya kwanza raha ya kula bila kujieleza. Ila nimegundua kwamba majirani wengi wa Langoni hupita mbele ya hekalu lile kila siku na hawajui majirani zao wanakula nini. Tumeishi pamoja kwa muda mrefu kuliko tulivyokula pamoja.

Kuhusu kuchoma, wenzangu chuoni walidhani nitajitenga tukienda ufuoni. Kinyume chake, mimi ndiye niendaye mapema. Huomba pembe ya wavu kabla nyama haijadondosha mafuta. Biringani hulitoboa kwa uma ili lisipasuke, nikalichoma hadi ganda likaungua, kisha nikalimenya na kuliponda kwa chumvi, ndimu, pilipili na tui kidogo. Viazi vitamu huvifukia katika jivu la moto. Wenzangu hudai kwamba ni chakula cha sungura, kisha huja na vipande vya chapati kuchovya, na mara nyingi mimi ndiye ninayebaki na bakuli tupu!

Safari nayo ina mbinu zake. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, wengi hufika Mombasa kwa gari moshi, lakini basi bado lina wateja wake, na kituo cha Mtito Andei, katikati ya njia, bado kina moshi wa nyama choma. Mimi hutegemea chapati kwa maharage au ndengu, na ndizi mbivu. Nikirejea bara hubeba korosho, mahamri na chupa ya achari ya embe, ili nami niwe na cha kumpa jirani wa kiti. Msafiri mwenye cha kugawa haulizwi mno anachokikataa.

Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo tunavyoambiwa, na nimeshawahi kutupiwa methali hii mezani. Nionavyo mimi, mbaazi, kunde, mchicha wa nazi na muhogo wa makaa ni mila vilevile, tena ni mila iliyowalisha watu wakati bahari ilipofunga. Kinachohitaji kubadilika ni ile soni inayouandama mlo usio na nyama pale anapokuja mgeni. Siku mama wa Kiswahili atakapomwekea mgeni wake mbaazi kwa fahari ileile anayomwekea pilau, sisi tusiokula nyama hatutahitaji jina, na kamusi zetu zitakuwa zimepumzika. Hadi siku hiyo, tuendelee kuuliza kwa adabu, kujibu kwa ukweli, na kukuna nazi.