Vidonge Ndani ya Gunia la Mchele

Mwaka 2009 mama mkwe alitutumia gunia zima la mchele kutoka Kyela. Nyumba yetu haina stoo, nikaliweka chumbani kwa watoto. Haukupita muda, fukusi wakaanza kutembea ukutani. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya akaniambia nisihangaike, sokoni kuna vidonge. Unatia viwili katikati ya gunia, unafunga, basi. Nikanunua. Vilifungwa kwenye kipande cha gazeti, havina jina wala maelezo.

Mama mwenzangu, mimi ni muuguzi. Wodini nisingethubutu kumpa mgonjwa kidonge kisichojulikana, lakini hivi nilivitia kwenye chakula cha wanangu, kisha nikafunga madirisha kwa sababu ya mbu.

Usiku wa manane kitindamimba wetu alikuja akilia kichwa, akatapika. Nikadhani ni malaria. Nilipoingia chumbani kwao kumchukulia nguo nikakutana na harufu kama ya kitunguu saumu na samaki aliyeoza, na dada yake ameketi kitandani ameshika kifua. Hapo ndipo akili iliponijia. Tuliwatoa wote nje, baba yao akatafuta gari, tukawakimbiza hospitali. Walilazwa siku mbili. Kwa neema ya Mungu walipona.

Vidonge vile ni vya alumini fosfaidi. Vikipata unyevu wa hewani hutoa gesi ya fosfini, ambayo humuua mdudu na mtu vilevile, wala gunia haliizuii. Hakuna dawa maalumu ya kuivunja nguvu mwilini. Daktari husaidia moyo na pumzi tu, huku akingoja. Ni dawa ya maghala na ya watu waliofundishwa kuitumia.

Tangu hapo nimejifunza tabia za fukusi. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huliziba tundu. Ndiyo maana unapepeta leo mchele unaonekana safi, na baada ya mwezi hivi wamejaa tena. Siku hizi nanunua mchele wa mwezi mmoja tu. (Baba watoto hulalamika kwamba kwa gunia ni nafuu, namkumbusha usiku ule, ananyamaza.) Naugandisha kwenye friza kidogo kidogo kwa wiki nzima, mayai nayo hufa, kisha nautia kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Mpya siuchanganyi na wa zamani. Majani ya mwarobaini nimeyajaribu, hayakunisaidia sana.

Mahindi na maharage tunayahifadhi kwenye ile mifuko yenye nailoni mbili ndani na sandarusi nje. Hewa ikiisha wadudu hufa wenyewe. Ila nafaka iwe kavu kabisa, la sivyo itaota ukungu. Tia punje kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani.

Nilipoyaeleza haya kwenye kikao cha akina mama, wawili walisema wana vidonge hivyo nyumbani, mmoja kavificha kabatini pamoja na dawa za mafua.

Mchele ule hatukuula. Baba watoto aliufukia shambani, gunia zima. Mama mkwe hatukumwambia. Atajua akisoma hapa.