Mistari Iliyorukwa

Vita vinapoingia katika vitabu vya historia, huingia na majina ya majemadari, hesabu za merikebu na tarehe za mapatano. Mwanafunzi hana budi kuyajua hayo. Lakini iko historia nyingine ya vita hivyo hivyo, ambayo haikupigwa chapa. Imekaa katika visanduku vya bibi zetu, chini ya kanga. Sisi tuliikuta yetu hapa Tunduma, katika karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa Msafwa, mzaliwa wa miteremko ya mlima Loleza, juu ya mji wa Mbeya. Mji wenyewe ulikuwa mchanga. Dhahabu ilionekana Lupa mwaka 1922, watu wakafurika, na mji ukakua kwa haraka. Wakoloni waliupanga kwa rangi za watu, na majina ya Uzunguni na Uhindini hutamkwa huko hadi leo. Mwafrika alikuwa na mlango wake wa kuingilia, nao ulikuwa kazi.

Kaka yake babu yetu, ambaye kwa desturi twamwita babu mkubwa, aliingia kwa kazi ya utaniboi. Alikuwa Mnyamwanga wa Tunduma, akipanda juu ya magunia ya lori lililokwenda na kurudi kati ya Mbeya na mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo Zambia leo. Mwaka 1938 alimwona sokoni msichana akiuza maharage. Yeye hakujua Kisafwa, na msichana hakujua Kinyamwanga. Kati yao palikuwa na Kiswahili tu. Na Kiswahili alichoambiwa mtumishi siku zile aghalabu kilikuwa cha amri: lete, chukua, ondoka, haraka. Bibi alitusimulia kwamba neno la kwanza aliloambiwa na mpenzi wake lilikuwa "Lete," huku kidole kikielekea kwenye maharage. Naye akamjibu, "Lete kwanza wewe," akikinga mkono kungoja senti. Wakacheka wote wawili.

Tangu hapo, kila lori lilipofika, walikuwa wakipeana maneno mapya kama watu wapeanavyo tambuu. Huyu ameokota lake kwa madereva njiani, huyu ameokota lake kwa wauza nguo. Kabla taifa halijakifanya Kiswahili kuwa lugha yake, vijana wale wawili walikwisha kukitoa katika utumwa wa amri na kukifundisha mapenzi.

Siku zile zile minong'ono ya vita ilianza. Tanganyika ilikuwa koloni la Wadachi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye Shirikisho la Mataifa likaiweka chini ya Uingereza. Sasa Hitler alikuwa akidai makoloni ya zamani yarudishwe, na walowezi wa Kijerumani walikuwako katika nyanda zetu, wakilima kahawa Mbozi. Sokoni watu waliulizana kama nchi itarudishwa kwa mwenyewe wa kwanza mfano wa mbuzi wa kuazima, na hakuna aliyemwuliza mbuzi.

Wazee wa Tunduma hawakuuliza kitu. Wao walikwisha kuona. Mwaka 1914 mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mapatano ya mwaka 1890, bila ya kumwuliza Mnyamwanga aliyekatwa vipande viwili, uligeuka uwanja wa mapigano. Vijana wa pande zote mbili walibebeshwa mizigo ya majeshi, na wengi walifia njiani kwa njaa na maradhi. Vita vile viliishia jirani yetu, pale jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa hiyo wazee walijua kwamba fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Nao ndio waliokuwa nyasi.

Lakini vijana wapendanao hawasikii la nyasi. Baba wa msichana alitaka ng'ombe watano. Mshahara wa utaniboi ulitosha kanga na sabuni. Haukutosha ng'ombe watano. Uingereza ilipotangaza vita tarehe 3 Septemba 1939, na Wajerumani wa Tanganyika wakaanza kukamatwa na kuwekwa kizuizini, ng'ombe wawili tu walikuwa wamefika. Bibi aliikumbuka juma ile kwa jambo dogo: lori halikuja, naye alikaa sokoni mpaka jua likachwa, maharage yake yakiwa hayajapimwa.

Mwaka 1940 babu mkubwa aliingia jeshini, katika Keya. Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumikia vita vile. Wako waliochukuliwa bila ya hiari yao. Yeye alikwenda kwa miguu yake, kwa ajili ya ng'ombe watatu. Kwa mshahara wa askari mahari yalitimia, na mwaka 1942 bibi arusi aliletwa Tunduma nyumbani kwa mumewe, mume mwenyewe akiwa hayupo. Askari wa Afrika Mashariki walikuwa wamepigana Uhabeshi. Sasa walikuwa wakipelekwa Madagaska, na baadaye Burma.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 ikaja barua. Haikuwa na jina la mahali, kwa kuwa wakaguzi wa vita walikataza. Ilikuwa ya Kiswahili. Akaitwa mtu mmoja ajuaye kusoma, naye akaisoma mbele ya baba mkwe na wazee, akiwafasiria kwa Kinyamwanga: salamu kwa wote, afya njema, ng'ombe watunzwe. Bibi alisikiliza kutoka nyuma ya mlango, kama adabu ilivyompasa. Mwaka ule ule habari ilifika kwamba mumewe amekufa Burma. Wazee wakakaa shauri. Ng'ombe walikwisha kutoka. Mke akabaki mjini mwao, akarithiwa na mdogo wa marehemu, ndiye babu yetu. Sisi tu wajukuu wa shauri hilo.

Bibi alimheshimu babu, akazaa naye watoto sita. Lakini ndani alificha jiwe: kwamba mtu aliyejifunza naye kusema aliiaga dunia akiwakumbuka ng'ombe, asimkumbuke yeye.

Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea hata vijijini. Bibi alichelewa kujiunga, akisema macho yake yamezeeka. Alipojiunga hakukosa siku hata moja, na hakuna aliyejua sababu. Jioni moja ya mwaka 1981, tukiwa darasa la sita, alituita uani, akaikunjua karatasi yake. Alikuwa amekwisha kuisoma kwa taabu karibu yote. Palikuwa na mistari minne tu ambayo wino wake umefifia.

Tukaitazama. Babu alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, akichonga mpini wa jembe. Tukayaona maneno, tukamwona babu, ulimi ukatuganda. Hapo ndipo tulipomfahamu yule msomaji wa mwaka 1944. Hakuwa mwovu. Aliwaona wazee, akaona haya, akaruka. Nasi tulikuwa tayari kuruka. Bibi akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza, akasema, "Soma, mume wangu. Nimerukwa miaka thelathini na saba."

Tukasoma: "Mwambieni mke wangu kwamba ng'ombe hawakumchagua, nilimchagua mimi sokoni. Usiku nikiwa zamu huyarudia maneno yetu yote tangu lile la kwanza. Nisiporudi asikae peke yake. Lakini ajue kwamba nilikuwa nikija."

Mlio wa kisu ukakoma. Babu akasema, "Rudia hapo." Tukarudia. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kaka yangu alijaliwa maneno. Mimi sikujaliwa." Bibi akaikunja karatasi mara nne, akamjibu, "Wewe ulijaliwa kukaa." Babu akaendelea kuchonga.

Leo sisi hugonga mihuri ya Forodha katika mpaka ule ule, ambapo tangu mwaka 2019 msafiri hukaguliwa na nchi mbili katika kituo kimoja. Marehemu Shaaban Robert, naye mtumishi wa Forodha kwa miaka mingi, aliviandikia vita vile utenzi mrefu. Sisi hatujaweza kuandika utenzi. Tumeandika haya ili kuwaambia walimu na wanafunzi kwamba utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mavazi peke yake. Umo pia katika karatasi zilizokunjwa, nazo zaoza. Nendeni kwa wazee wenu na kalamu, na mwombapo kusomewa au kusoma, msione haya mkaruka mistari. Huenda mtu ameingoja maisha yake yote.