Kijiwe cha Figo na Maji ya Usiku

Mimi ni mwalimu wa chuoni, si tabibu. Lakini kijiwe cha figo nakijua, kwani kimenilaza chini mara mbili. Maji yakipungua mwilini, chumvi za mkojo hugandamana zikawa jiwe. Lisilozidi milimita 5 aghalabu hutoka lenyewe. Bali maumivu yakifuatana na homa, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, wala asicheleweshwe kwa dawa za mizizi. Wako wasemao tuache maziwa; sivyo. Cha kupunguza ni chumvi ya chakula, na papa mkavu (nasema kwa huzuni) anayo tele. Mwezi wa Ramadhani maji yangu huyagawa tangu futari mpaka daku, hata mkojo uwe mweupe. Na tabibu akimzuia mgonjwa kufunga, Sura ya Baqara imempa ruhusa ya kulipa siku nyingine.