Mama hupimwa kliniki, baba je?

Katika nyumba nyingi za Tanzania, vipimo vya VVU na kaswende huanza kwa mama. Akianza kliniki ya wajawazito hutolewa damu, hupewa majibu na kurudi nyumbani. Baba akisikia mkewe yuko salama, naye hujihesabu salama. Kumbe majibu ya mama ni ya mama. Mke anaweza kukutwa hana VVU, mume akawa navyo.

Si kila baba anakwepa. Kwa anayeingia kiwandani alfajiri na kutoka jioni, kwenda zahanati ni kuomba ruhusa, na kwa kibarua ni kupoteza ujira wa siku. Ndiyo maana kupimia kazini kunasaidia. Wahudumu wa afya wakifunga hema uwanjani na kupima presha, sukari, VVU na kaswende kwa pamoja, aliye nje hajui nani amefuata kipimo gani.

Kinachowarudisha wengi nyuma ni swali moja: bosi ataona majibu? Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya VVU. Kazi ya mwajiri, basi, ni kutoa muda na mahali. Orodha ya majibu ikipita mezani kwa ofisa utumishi, hema litabaki tupu, na wafanyakazi hawatakuwa wamekosea.

Lakini kinachofichwa kazini hakifai kufichwa chumbani. Kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini, ila akitibiwa mmoja tu, mwenzake anaweza kumwambukiza tena. Ikimkuta mjamzito asitibiwe, mimba inaweza kuharibika au mtoto akazaliwa amekufa. Kwa VVU, anayemeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Habari mbaya, ikisemwa mapema, ina dawa.

Wazazi wasisubiri hema lifike ndipo wazungumze. Usiku mmoja watoto wakishalala, waulizane: tukikutwa na jambo, tutaambianaje? Mke asiulize kama anayeshtaki, na mume asijibu kama anayeshtakiwa. Wakishakubaliana hilo, kupima ni dakika chache tu.