Juma Moja Tromsø, Mji wa Pepo Mbili

Januari huku kwetu pwani ni mwezi wa kaskazi. Aliyelelewa karibu na maji ajua kwamba siku haisomwi kwa tarehe bali kwa upepo. Elimu hiyo ndiyo tuliyosafiri nayo, sisi wazee wawili, mume na mke, tulipokwenda Norway kumtazama binti yetu aliyeolewa huko, naye ni mjamzito wa miezi minane. Moyoni tulikuwa na neno: kumwomba, baada ya arobaini, amrejeshe mwana alelewe nyumbani, penye jua.

Mji wenyewe ni Tromsø, takriban kilomita 350 kaskazini ya Duara la Aktiki. Mtu wa Mombasa huuelewa upesi, kwani nao umejengwa kisiwani, na daraja lililofunguliwa mwaka wa 1960, lenye urefu wa zaidi ya mita 1,000, lauunganisha na bara. Tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Hata hivyo si giza tupu. Karibu na saa sita mchana anga hugeuka samawati, na upande wa kusini hupakwa rangi ya waridi. Baada ya saa chache usiku hurudi. Waislamu walioko huko hawawezi kuzifuata nyakati za sala kwa kulitazama jua, basi huzikadiria, na katika msikiti tuliosali ratiba ilibandikwa ukutani.

Tulidhani tutakuta baridi ya kupasua mawe. Kumbe bahari imeurehemu mji huo. Mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao Atlantiki hupita karibu na pwani ya Norway, hivyo bandari haigandi, na wastani wa Januari huwa nyuzi chache tu chini ya sifuri. Verkhoyansk, huko Siberia, uko kusini zaidi kidogo, lakini uko mbali na bahari ya joto, na wastani wake wa Januari hupita nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mambo yote ya juma letu yaliamuliwa na pepo mbili. Siku ya kwanza ulivuma upepo wa bara, utokao kusini-mashariki juu ya nyanda zilizoganda. Anga ilitakata, theluji ikalia chini ya viatu kama mchanga mkavu, na usiku tukaziona taa za kaskazini, utepe wa kijani uliokuwa ukijikunja juu ya milima. Siku ya pili upepo uligeuka ukatoka baharini, kusini-magharibi, ukaleta theluji nzito iliyofunika magari hadi madirishani. Siku ya tatu na ya nne ikanyesha mvua. Tukafurahi, tukasema joto limekuja. Binti yetu hakufurahi.

«Baridi haituangushi, mama,» alisema. «Mvua ndiyo ituangushayo.»

Tuliyaelewa maneno yake siku ya tano. Upepo wa bara ulirudi, na maji yote yaliyotuama juu ya theluji yakawa kioo. Siku hiyohiyo alikuwa na miadi ya kliniki, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tulimsihi asiende. Akacheka kwa adabu, akavifunga chini ya viatu vyuma vyenye meno, akavaa ukanda unaong'aa upigwapo na taa, akaenda huku akikanyaga kokoto zilizomwagwa njiani. Sisi tulimfuata kwa hatua za kinyonga, tumeshikana mikono. Tulipitwa na bibi kizee aliyekisukuma kiti cha vyuma viwili vya kuteleza, mkoba wake umewekwa juu yake, wala hakuonyesha haraka wala hofu. Kliniki tuliambiwa mama na mtoto wote ni wazima. Alhamdulillahi.

Siku ya sita ilikuwa ya tufani, hatukutoka. Siku ya saba ilikuwa tarehe 21 Januari, ambapo watu wa Tromsø hulipokea jua, kwani milima ya kusini huzidi kulificha siku kadhaa baada ya kupanda upeo wa macho. Mawingu yalikuwa mazito, jua halikuonekana. Watu hawakununa. Walikula maandazi yao ya siku hiyo, wakapeana heri, wakasema kesho ipo.

Usiku ule tulikaa na binti yetu kwenye kahawa. Neno tulilolibeba kutoka nyumbani halikutamkwa. Tulimwona akichungulia dirishani, akitazama moshi wa bomba la jirani umelalia wapi, kama babu yake alivyokuwa akitazama tanga. Basi tukamwuliza jambo jingine: mtoto atahitaji nguo gani kwa baridi yake ya kwanza, nasi tulete nini kutoka Mombasa.